Waliulizwa Nini Mlangoni

Tarehe 30 Mei 1765, daktari kijana aitwaye John Morgan alisimama mbele ya wakubwa wa Philadelphia akaanza kusoma hotuba ndefu, ndefu kiasi kwamba ilibidi aimalizie kesho yake. Alikuwa amerudi kutoka Edinburgh na Paris akiwa na shahada ya udaktari na wazo moja lililomkaa moyoni: makoloni ya Waingereza ya Amerika nayo yawe na chuo cha kufundisha utabibu. Alikuwa ameshakubaliwa, naye ndiye profesa wa kwanza wa tiba katika makoloni hayo. Chuo alichokianzisha ndicho leo kitivo cha udaktari cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania.

Kila ninapowasomesha wanafunzi wangu hotuba hiyo, nawasimamisha kwenye sehemu inayomhusu kijana ambaye bado hajaingia. Morgan alitaka anayekuja kusomea utabibu awe tayari anajua Kilatini, Kigiriki, Kifaransa, hisabati na falsafa ya maumbile, elimu iliyozaa fizikia ya leo. Yeye mwenyewe alikuwa mhitimu wa darasa la kwanza kabisa la Chuo cha Philadelphia, kilichokuja kubeba kitivo hicho, mwaka 1757, na alichohitimu ni lugha, mantiki, ufasaha na hesabu. Hakuna aliyeona ajabu.

Mimi ni mwalimu wa historia, mzaliwa wa Tanga, na nafundisha kwenye chuo kidogo nje kidogo ya jiji la Philadelphia. Kwa miaka mingi nimekuwa nikifuatilia jambo moja: mtu aliyetaka kuwa daktari nchini Marekani aliulizwa nini mlangoni kabla ya kufunguliwa? Naamini ukijua swali la mlangoni umejua jamii ile ilimdhania daktari kuwa nani. Tena naamini kwamba ukuta tulioukuta kati ya mwanafunzi wa historia na kitanda cha mgonjwa ulijengwa na watu, kwa sababu zilizoeleweka wakati wao, na kwamba hata wajenzi wenyewe waliacha pa kupita.

Mwaka 1767 chuo cha Philadelphia kiliandika kanuni zake. Ambaye hakuwa na shahada ya chuo chochote alitakiwa, kabla ya kutunukiwa shahada ya utabibu, awaridhishe walimu kwamba anajua Kilatini na kiasi cha falsafa ya maumbile. Mashaka nayo hayakuchelewa. Benjamin Rush, daktari mashuhuri kuliko wote wa kizazi chake, alikuwa amemaliza chuo cha New Jersey, Princeton ya leo, akiwa na umri wa miaka 14. Akaenda Edinburgh, na mwaka 1768 akapata udaktari kwa tasnifu aliyoiandika kwa Kilatini. Mtu huyohuyo mwaka 1789 alichapisha makala ya kuzipinga Kilatini na Kigiriki mashuleni, kwa hoja kwamba zinakula miaka ya vijana ambayo ingetumika kujifunza mambo ya manufaa. Nikiwasikia wazazi wa leo wakisema maneno ya namna hiyo kuhusu historia na fasihi, namkumbuka Rush. Hoja hiyo ina zaidi ya miaka 200, na wenye kuitoa si wajinga.

Kisha likaja anguko. Katika karne ya 19 Marekani ilijaa vyuo vya udaktari vilivyokuwa mali ya madaktari wenyewe. Mwanafunzi alinunua tiketi za mihadhara, akakaa muhula mmoja wa miezi minne hivi, mwaka uliofuata akarudi kusikiliza mihadhara ileile aliyokwisha kuisikia, akapewa shahada. Mlangoni aliulizwa kama ana ada. Hata Harvard haikuwa mbali na hali hiyo. Charles Eliot aliposhika urais wa Harvard mwaka 1869 na kutaka mitihani ya udaktari iwe ya kuandika, Henry Bigelow, mkubwa wa wapasuaji pale, alimpinga kwa sababu inayonisikitisha kila ninapoisoma: zaidi ya nusu ya wanafunzi hawakuweza kuandika vizuri. Watu hao walikuwa njiani kwenda kukata miguu na kuzalisha wake za watu. Eliot alishinda, na mwaka 1871 Harvard ikaweka masomo ya miaka mitatu yanayopanda hatua kwa hatua, lakini nchi kwa jumla ilibaki ilivyokuwa.

Aliyelibadilisha swali la mlangoni alikuwa mwanamke, na ningependa kila binti anayesoma Kiswahili alijue jina lake: Mary Elizabeth Garrett.

Johns Hopkins, tajiri wa Baltimore, alifariki mwaka 1873 akiacha dola milioni 7 zigawanywe kati ya chuo kikuu na hospitali. Hospitali ilifunguliwa mwaka 1889. Chuo cha udaktari kilikwama, maana mali ya chuo kikuu ilikuwa kwenye hisa za reli ya Baltimore na Ohio, na hisa hizo zilishuka thamani. Mabinti wanne wa wadhamini wa chuo wakaona nafasi yao. Walikuwa Garrett mwenyewe, ambaye baba yake aliwahi kuiongoza reli hiyo, pamoja na Carey Thomas, Mary Gwinn na Elizabeth King. Waliunda kamati za wanawake miji mbalimbali na kuchangisha fedha kwa sharti kwamba wanawake wapokelewe sawa na wanaume. Fedha zilipopungua, Garrett alijazia zaidi ya dola 300,000 kutoka mfukoni mwake, akaongeza masharti mengine: kila anayeingia awe na shahada ya kwanza au elimu inayolingana nayo, awe amesoma sayansi za msingi, na aweze kusoma Kifaransa na Kijerumani.

Masharti hayo hakuyatoa hewani. William Welch, mkuu wa kitivo, alikuwa ameyapendekeza miaka kadhaa nyuma kama ndoto njema ya baadaye. Garrett aliichukua ndoto ya Welch na kuigeuza mkataba, na Welch mwenyewe akaanza kuhofu kwamba wanafunzi watakosekana. William Osler alimtania mwenzake kuwa wana bahati wameingia kama maprofesa, kwa sababu kama wanafunzi wasingepokelewa. Chuo kilifunguliwa mwaka 1893 na wanafunzi 18, watatu kati yao wanawake.

Tuitazame orodha ile ya Garrett tena. Kuna kemia, kuna baiolojia, kuna fizikia. Kuna pia lugha mbili za kigeni na shahada nzima ya chuo. Lugha zilikuwa na kazi ya wazi, maana tafiti bora za tiba zilichapishwa Berlin na Paris na asiyezisoma alibaki nyuma. Kwa miaka michache, mlango mmoja ulimtaka mtu aliyelelewa na pande zote mbili, sayansi na lugha. Nadhani hapo ndipo Marekani ilipokaribia kabisa kulijibu swali hili vizuri, na haikudumu.

Sasa tufike kwa Abraham Flexner, ambaye jina lake kila daktari wa Marekani amelisikia. Alizaliwa Louisville, Kentucky, mwaka 1866, kwenye familia ya wahamiaji Wayahudi yenye watoto tisa na fedha kidogo. Kaka yake Jacob, mfamasia, alimlipia kwenda Johns Hopkins, na kwa kuwa fedha zilitosha miaka miwili tu, Abraham alibana masomo yote humo na kuhitimu mwaka 1886. Alisoma Kigiriki na Kilatini. Alirudi kwao akawa mwalimu, kisha akafungua shule yake mwenyewe. Hakuwahi kusomea utabibu hata siku moja.

Mwaka 1908 alichapisha kitabu cha kukosoa vyuo vya Marekani. Henry Pritchett, rais wa taasisi ya elimu ya Carnegie, alikisoma akamwita amfanyie uchunguzi wa vyuo vya udaktari. Flexner alidhani Pritchett amemchanganya na kaka yake Simon, aliyekuwa mtafiti mkubwa wa magonjwa, akamweleza kwamba hajawahi kukanyaga chuo cha udaktari. Pritchett akamjibu kuwa mtu wa namna hiyo ndiye anayemtafuta. Alitaka jicho la mwalimu.

Kuanzia mwanzoni mwa 1909 Flexner alizunguka kwa treni Marekani na Kanada, akavifikia vyuo 155. Kwenye kila chuo aliuliza mambo yaleyale: mnampokea nani, walimu wangapi, fedha kiasi gani, maabara ziko wapi, hospitali ipi. Kuhusu maabara ana kisa alichokisimulia uzeeni. Mjini Des Moines, Iowa, mkuu wa chuo alimtembeza mbele ya milango yenye majina ya maabara, yote imefungwa, na mwenye ufunguo eti haonekani. Flexner aliaga, akaondoka, halafu akarudi peke yake, akampa mtunza jengo dola 5 amfungulie. Ndani ya kila chumba alikuta meza, viti na ubao.

Ripoti ilitoka mwaka 1910. Katika vyuo vyote alivyovifikia, vilivyodai angalau miaka miwili ya chuo kabla ya kuingia vilikuwa 16 tu. Flexner alipendekeza hiyo miaka miwili iwe ya lazima kwa wote, na ndani yake kemia, baiolojia na fizikia zisikosekane. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: tiba imekuwa sayansi, chuo cha udaktari hakina muda wa kufundisha alifabeti yake, hivyo mwanafunzi aje anaijua. Vyuo vilianza kufungwa. Ilipofika 1920 vilibaki 85, na mwaka 1935 vilikuwa 66.

Mimi namheshimu Flexner kwa hilo. Wagonjwa waliookolewa na milango iliyofungwa hawahesabiki. Lakini mlango ulipokazwa, haukuwabana watu wote sawasawa. Kulikuwa na vyuo saba vya udaktari vya Wamarekani Weusi. Ripoti iliona viwili tu vinafaa kuendelea, Howard na Meharry, na vitano vilivyobaki vikafa katika miaka iliyofuata. Sura yake kuhusu elimu ya madaktari Weusi ni fupi, na inaeleza umuhimu wao zaidi kwa jinsi watakavyowakinga Wazungu na maradhi ya majirani. Mwafrika hawezi kuisoma sura hiyo akiwa ametulia. Mwaka 2020 Chama cha Vyuo vya Udaktari vya Marekani kiliondoa jina la Flexner kwenye tuzo yake kubwa kwa sababu ya maandishi hayo.

Na mlango uliokazwa ulikuwa na pande mbili. Charles Drew, ambaye baadaye alifungua njia ya kuhifadhi damu na utegili wa damu kwa ajili ya majeruhi wa vita, alihitimu Amherst mwaka 1926 akaomba kuingia Howard. Alikataliwa kwa sababu alipungukiwa na masomo ya Kiingereza. Alikwenda McGill, Kanada, akapata udaktari wake huko mwaka 1933. Enzi hizo hata mwanasayansi aliweza kukwama kwa kukosa lugha.

Hapa naomba niache safari ya Marekani kidogo, kwa sababu msomaji aliyesoma Dodoma au Mombasa anajiuliza mambo haya yanamhusu nini. Sisi tulirithi mlango wa Kiingereza. Chuo chetu cha mwanzo cha udaktari, Makerere, kilifundisha kwa utaratibu wa Uingereza, na vilivyofuata, Dar es Salaam mwaka 1963 na Nairobi mwaka 1967, vilishika njia hiyo: kijana anatoka sekondari moja kwa moja na kuingia udaktari. Kwa hiyo uamuzi unafanywa mapema mno. Tanzania, kijana wa kidato cha nne anapopangiwa tahasusi, PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, inamwelekeza hospitali, na HGL au HKL, za historia na lugha, inamwelekeza kwingine, na njia ya kurudi karibu haipo. Mimi nilikuwa wa HGL. Darasani kwetu tuliwaita wa PCB "madaktari" kabla hawajagusa hata chura wa maabara, nasi tulijua kabisa kwamba jina hilo halitatufikia.

Marekani utaratibu ni mwingine, na wazazi wetu waliohamia huku wengi hawajaelezwa. Hunipigia simu kutoka Minnesota, Ohio, Texas. "Mwalimu," mama mmoja aliniambia, "mtoto ameniharibikia. Nilimpeleka chuo awe daktari, kumbe anasoma historia. Historia itamtibu nani?"

"Kemia anasoma?" nikamwuliza.

"Anasoma. Anasema Jumanne mchana kutwa yuko maabara."

"Basi mama, mtoto yuko njiani."

Udaktari huku huanza baada ya shahada ya kwanza na huchukua miaka minne. Maandalizi yake, ambayo wanafunzi wanayaita primedi, hayana shahada yake. Ni kapu la kozi ambazo vyuo vya udaktari hutaka kuziona: kwa kawaida mwaka wa baiolojia, mwaka wa kemia ya jumla, mwaka wa kemia ya kaboni, mwaka wa fizikia, zote na maabara zake, na siku hizi baiokemia, takwimu na kozi za kuandika. Shahada yenyewe inaweza kuwa ya historia, falsafa, muziki au Kiarabu. Vyuo vingi vya aina ya kwetu hutaka kozi 32 hivi kwa miaka minne. Historia inachukua theluthi, sayansi za udaktari theluthi nyingine, na kinachobaki ndicho kinachowauma vijana, maana hakitoshi kitu. Hakuna nafasi ya kuanguka kozi, na majira ya joto huliwa na darasa. Sipendi kumdanganya mzazi yeyote kwamba njia hii ni ya mteremko. Lakini ni njia halali, na mwaka hadi mwaka takwimu za chama cha vyuo huonyesha waombaji wenye shahada za sanaa na lugha wakipokelewa kwa kiwango kisichopungua kile cha wanabaiolojia.

Wenye ujasiri wa kuipita ni wachache, na sababu iko kwenye historia. Baada ya Flexner, kozi zilizowekwa kuwa msingi wa kuanzia zikageuka kuwa chujio. Kijana mwenye busara aliona kwamba akisoma shahada ya baiolojia nusu ya kapu linajaa lenyewe. Maprofesa wa kemia ya kaboni wakajikuta ndio walinzi wa lango bila kuomba kazi hiyo. Flexner aliyaona haya akiwa hai. Katika kitabu cha mwaka 1925, alipolinganisha elimu ya udaktari ya Ulaya na Marekani, alilalamika kwamba tiba ya Marekani ina nguvu na ari lakini imepungukiwa na utamaduni na falsafa. Msomi huyu wa Kigiriki alikuwa amedhani kwamba vijana watakuja na lugha zao kama alivyokuja nazo yeye, na kwamba kilichokosekana kilikuwa sayansi tu. Hakuliandika lile alilolidhania, na lisiloandikwa kwenye masharti halikuulizwa tena mlangoni.

Hata hivyo waliopenya walikuwepo. Robert Coles alisoma fasihi ya Kiingereza Harvard na kuandika tasnifu kuhusu shairi refu la William Carlos Williams, mshairi aliyekuwa daktari wa mtaa wa wafanyakazi huko Rutherford, New Jersey. Profesa wake alimshawishi ampelekee Williams tasnifu ile. Williams alimkaribisha, wakazunguka pamoja majumbani kwa wagonjwa, ngazi juu ngazi chini, na Coles akaamua kusomea udaktari. Williams mwenyewe aliingia udaktari Pennsylvania mwaka 1902 akitoka sekondari, bila shahada yoyote, kwa kuwa kabla ya Flexner iliwezekana. Mfuasi wake, karibu miaka 50 baadaye, ilimbidi arudi kupambana na kemia. Aliishia kuwa daktari wa akili wa watoto, na mazungumzo yake na watoto Weusi waliokuwa wakiingia shule za Wazungu kusini mwa Marekani yalimfanya ajulikane nchi nzima.

Harold Varmus ndiye mfano ninaoutumia kwa wazazi wenye mashaka makubwa. Baba yake alikuwa daktari. Yeye alisoma fasihi ya Kiingereza Amherst, akaandika kuhusu riwaya za Dickens, akaenda Harvard kwa shahada ya uzamili ya fasihi. Huko akaona marafiki zake waliosomea udaktari wana hamu ya kuamka asubuhi kuliko yeye. Chuo cha udaktari cha Harvard kilimkataa mara mbili. Columbia ilimpokea, akahitimu mwaka 1966. Mwaka 1989 yeye na Michael Bishop walipewa Tuzo ya Nobel kwa kugundua kwamba mbegu za saratani zimo ndani ya jeni zetu wenyewe za kawaida. Katika hotuba yake ya karamu kule Stockholm alizungumzia Beowulf, utenzi wa Kiingereza cha kale. Baadaye akaongoza taasisi za taifa za utafiti wa afya za Marekani, tangu 1993 hadi 1999.

Kwa waliozinduka wamechelewa, Columbia ilianzisha mwaka 1955 programu ya watu wenye shahada za mambo mengine wanaotaka kujaza lile kapu la sayansi. Bryn Mawr, chuo cha wanawake ambacho treni yangu hupita kituoni kwake, ilianzisha ya kwake mwaka 1972. Rais wa pili wa Bryn Mawr alikuwa Carey Thomas, yuleyule wa kamati ya Baltimore, na Garrett aliishi naye humo chuoni miaka ya mwisho ya maisha yake. Sijui mahali pengine ambapo ningetamani mlango huo uwekwe. Shida yake ni fedha: mtu analipa mwaka mzima au zaidi juu ya madeni ya shahada ya kwanza, kabla hajaanza kulipia udaktari wenyewe. Watoto wa wauguzi wasaidizi na madereva wa teksi, yaani watoto wetu, huuona mlango huo uko wazi na hawauingii.

Mwaka 1978 Lewis Thomas, daktari na mwandishi wa insha aliyeongoza hospitali kubwa ya saratani New York, alichapisha makala katika jarida kuu la tiba la New England. Alipendekeza kwamba mwombaji yeyote anayejiita primedi akataliwe, na kwamba Kigiriki cha kale kiwe moyo wa elimu ya awali. Wengi walicheka. Mimi namsoma kama mtu mwenye uchungu. Mwaka mmoja kabla, mtihani wa MCAT, ambao karibu kila mwombaji hufanya, ulikuwa umeondoa sehemu ya maarifa ya jumla, pale palipompima kijana kuhusu mambo ya jamii na sanaa. Swali la mwisho la upande ule lilikuwa limefutwa.

Majibu ya vitendo yalitoka Mount Sinai, New York, mwaka 1987. Mkuu wa chuo, Nathan Kase, alianza kuwapokea wanafunzi wa fasihi, historia na sayansi ya jamii wakiwa mwaka wa pili tu wa shahada ya kwanza, kutoka vyuo vitano vya kaskazini mashariki: Amherst, Brandeis, Princeton, Wesleyan na Williams. Walisoma mwaka mmoja wa baiolojia na mmoja wa kemia ya jumla. Kemia ya kaboni na fizikia walipewa kwa kifupi majira ya joto, na MCAT hawakuifanya kabisa. Sharti lilikuwa wabaki kwenye shahada zao.

Mwaka 2010 Kase na David Muller walitoa matokeo. Walilinganisha wahitimu 85 wa njia hiyo na 606 wa njia ya kawaida, wa miaka 2004 hadi 2009. Kwenye mtihani wa kwanza wa leseni, ule wa sayansi za msingi, wa fasihi na historia walipata wastani wa 221 na wenzao 227. Wodini tofauti hiyo haikuonekana: walifanya kazi sawa na wengine. Walielekea zaidi kuchukua mwaka wa ziada wa utafiti, na idadi kubwa kidogo zaidi kati yao ilivutwa na tiba ya magonjwa ya akili na huduma za msingi. Pia walichukua likizo zisizo za masomo mara nyingi zaidi, jambo ambalo watafiti hawakulificha, nami silifichi. Mwaka 2015 MCAT ikaongezwa sehemu nzima ya saikolojia na sosholojia. Baada ya miaka 38 mlangoni wakaanza tena kuuliza kuhusu watu.

Paul Farmer angecheka kusikia kwamba hilo lilikuwa na utata. Alihitimu anthropolojia chuo cha Duke mwaka 1982, akaenda Haiti, akafika Cange, kijiji cha watu waliofukuzwa mabondeni na maji ya bwawa la Péligre. Aliona kwamba huwezi kueleza kifua kikuu cha Cange bila kulieleza bwawa. Mwaka 1990 Harvard ilimpa udaktari wa tiba na udaktari wa falsafa wa anthropolojia kwa pamoja. Kazi yake ilimfikisha Rwanda, kwenye milima ya Butaro, ambako shirika lake lilijenga hospitali na chuo kikuu cha afya. Alifariki hukohuko Februari 2022.

Mwaka huu kijana mmoja wa darasani kwangu, mzaliwa wa hapa, baba na mama wa Unguja, anaandika tasnifu ya historia kuhusu James Christie, daktari Mskoti aliyemtibu Sultani wa Zanzibar. Kipindupindu cha 1869 kilipoua maelfu mjini, wengi walidhani kimeletwa na majahazi. Christie alikaa na wafanyabiashara, manahodha na viongozi wa misafara, akawauliza nani aliugua wapi na lini, akakifuata kipindupindu kinyumenyume: Zanzibar, Pangani, nchi ya Wamasai, hadi pwani ya Bahari ya Shamu. Kitabu chake kilitoka London mwaka 1876. Kijana wangu amekubaliana na mwalimu wake wa baiolojia kwamba katika sura ya tatu atachora ramani ya misafara kwa kanuni za epidemiolojia, na anamwandikia bibi yake aliyeko Ng'ambo, Unguja, amtajie majina ya zamani ya mitaa ambayo Christie ameyaandika kwa tahajia ya ajabu. Tasnifu anaiwasilisha Aprili. Kemia ya kaboni ya pili anaimalizia kiangazi, na MCAT anaifanya Septemba.